PAL kwenda NTSC: video ya harusi inashtuka shtuka, njia ipi bora?

Kanda_za_Zamani
Wadau habarini za jioni. Nina kanda za MiniDV za harusi ya dada yangu ya 2003, kamera ya PAL (mfumo wa video wa huku kwetu), nimezivuta kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire. Sasa mama mdogo yuko Columbus, Ohio, na deki yake inagoma diski ya PAL ndo nikabadilisha kwenda NTSC, mfumo wa Marekani, nikachoma DVD nyingine. Inacheza, ila pale msafara wa matarumbeta unapita na kamera inageuka kuufuata, picha inashtuka shtuka watu kama wanatembea kwa kusukumwa. Naona kuna kurudia fremu (zile picha moja moja zinazounda video), kuchanganya fremu, kutengeneza fremu mpya, au nimtumie faili la fremu 25 lilivyo. Nani ameshazijaribu zote? Marehemu bibi yumo humo anacheza, nataka itoke vizuri.

fundi_video_Arusha
Pole mkuu. PAL ni fremu 25 kwa sekunde, NTSC ni 29.97, kwa hiyo programu ukiiachia yenyewe inarudia kama fremu 5 kila sekunde ili zitimie, na kila inaporudia mwendo unasimama kidogo. Mtu akiwa amekaa huoni kitu, kamera ikigeuka ndo balaa. Ni njia ya haraka na programu nyingi zimesetiwa hivyo, ila kwa harusi ni mbovu kuliko zote. Kuchanganya kunapunguza mshtuko lakini mkono mmoja unaonekana kama miwili, mi sijawahi kuipenda.

Bint_Kisauni
Ngojeni kwanza kabla hajachagua njia. Kaka, inashtuka tu au kitu kinaenda mbele kinarudi nyuma? Kamera ile inapiga fildi 50 kwa sekunde, yaani nusu-picha, mistari ya witiri na ya shufwa kwa nyakati mbili tofauti, halafu DV huwa fildi ya chini ndo inaanza. Programu ikidhani ya juu ndo ya kwanza, mwendo unarudi nyuma kila fremu. Fungua faili kwenye MediaInfo, programu ya kuonyesha taarifa za video, uangalie. Na kingine, ulipunguza mistari ya picha kutoka 576 ya PAL kwenda 480 ya NTSC kabla ya kutenganisha fildi? Kama ndivyo, mistari ya wakati huu imechanganyika na ya wakati ule na hapo hata njia nzuri kiasi gani haikusaidii, rudi kwenye faili la mwanzo.

Kanda_za_Zamani
Dada, nimeangalia, mpangilio wa fildi uko sawa, ya chini kwanza. Ila hapo kwenye 576 umenikamata, nilipunguza moja kwa moja sikutenganisha chochote.

mzee_wa_deki
Mi kwa filamu huwa natumia njia nyingine, napunguza mwendo kutoka fremu 25 hadi 23.976 kwa sekunde. Hakuna fremu ya kubuni hata moja, saa 1 inakuwa saa 1 na dakika 2 na nusu hivi, sauti inashuka kidogo unairekebisha.

Bint_Kisauni
Mzee wangu kwa filamu nakubali kabisa, maana kule ni fremu nzima 25. Lakini kwa kanda ya kamera ya fildi 50 utatupa nusu ya mwendo, na matarumbeta watapiga polepole, wallahi mama mdogo atasikia.

Kaka fanya hivi kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video: tenganisha fildi kwa kichujio chake cha bwdif upate fremu 50 nzima, sio 25, hapo ndo wengi wanakosea. Punguza iwe 720 kwa 480. Kisha peleka fremu 59.94 kwa minterpolate, kichujio kinachotengeneza fremu mpya, halafu rudisha kwenye fildi iwe 29.97 ya DVD. Minterpolate ni nzito na kwenye miguu ya watu wengi inaweza kuvuta picha kama ute, ikizidi iache, rudia tu fremu kutoka 50 kwenda 59.94. Inarudia kama 10 kwa sekunde, lakini kila moja inakaa 1/60 ya sekunde tu, jicho linavumilia zaidi.

fundi_video_Arusha
Naunga mkono. Ila na faili la fremu 50 kwenye flashi mtumie, runinga nyingine za kule zinalipokea. Usilipime kwenye laptopu, skrini nyingi ni 60 Hz, yaani zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na hata PAL nzima itaonekana inashtuka kidogo.

Kanda_za_Zamani
Nimerudi wadau. Nilijaribu dakika moja ya msafara kwanza. Minterpolate iliteleza vizuri mno kamera ikigeuka, ila bibi alipoanza kucheza khanga yake ikawa inayeyuka pembeni, siwezi kukubali hiyo. Nikarudia kwa njia nyepesi ya 50 kwenda 59.94, mshtuko upo kidogo sana ukiutafuta, na bibi anaonekana vilevile alivyokuwa. Nimechoma hiyo. Mama mdogo kaiangalia jana usiku wa kwao, kanipigia analia, anasema kamwona mama yake anatembea. Dada wa Kisauni Mungu akubariki. Leo naanza kanda ya send-off.

Bint_Kisauni
Amin kaka. Hiyo ya send-off, angalia kama ni kamera ileile, mpangilio wa fildi uucheki tena.