Namugongo 2025: nilipe arubuni ya vijerikeni sasa, au ningoje siku 42 ziishe?

MamaVijerikeni (Kireka), 20 Machi 2025

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, maana tangu Jumapili usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa Uganda, ila naishi Kireka mwaka wa 15 sasa. Kila mwaka, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda ambayo sikukuu yake ni tarehe 3 Juni, nauza vijerikeni vya lita tatu kwenye njia ya kutoka Kyaliwajjala kwenda Basilika ya Mashahidi, pale Namugongo, karibu na Kampala. Hujaji akishasali hushuka kwenye ziwa dogo la pale pale kuteka maji ya baraka, na maji yale hataki kuyatia kwenye chupa iliyokuwa na soda. Anataka kijerikeni kipya, cheupe, chenye kifuniko kinachokaza, kwa sababu kina safari ndefu ndani ya basi. Wateja wangu wengi hutoka Kenya na Tanzania kwa vile nawasemesha Kiswahili. Mama aliyetoka Bukoba kwa miguu, akisikia "karibu mama, pole na safari", hatafuti kibanda kingine. Siku zile kumi ndizo zinazolipa karo ya muhula wa pili na nusu ya muhula wa tatu.

Shida ni hii. Kiwanda ninachochukua mzigo kinataka oda kabla ya mwezi huu kwisha, na arubuni nusu. Vijerikeni 2,000 kwa shilingi 1,300 ni milioni mbili na laki sita, kwa hiyo nitoe milioni moja na laki tatu sasa hivi. Nikichelewa, mashine zinahamia kwenye madumu ya mafuta ya kupikia, na mimi nitapewa zamu baada ya Juni, wakati mahujaji wameshafika kwao. Na ebola ilitangazwa hapa hapa Kampala tarehe 30 Januari. Nasikia hesabu ya siku 42 bila mgonjwa mpya, ili ebola itangazwe kuwa imekwisha, imeanza tarehe 15 mwezi huu. Mpox, ule ugonjwa wa vipele, nayo bado inazunguka.

Niwaeleze kwa nini naogopa. Februari 2020 niliagiza 3,000, vimechapwa kwa wino wa buluu: Namugongo 2020. Tarehe 18 Machi Rais akasimamisha mikusanyiko kwa siku 32, makanisa na misikiti pamoja. Nikahesabu kwa vidole, siku 32 zinaishia Aprili, Juni bado iko mbali. Tarehe 21 akapatikana mgonjwa wa kwanza wa korona. Tarehe 23 lori likanishushia mzigo wangu mlangoni, na siku mbili baadaye teksi zote zikasimamishwa. Ikaja kafyu ya saa moja jioni.

Kufutwa kwenyewe ningekuvumilia. Kilichonimaliza ni kungoja. Kila hotuba nilikaa karibu na redio, sauti juu, nikisubiri neno moja tu, Namugongo. Jirani akisema hija ipo, nachangamka. Binamu akipiga simu kusema haipo, nakosa hamu ya chakula. Tarehe 3 Juni Misa ikaonyeshwa kwenye televisheni, watu wachache wamekaa mbalimbali, na mimi naitazama vijerikeni 3,000 vikiwa vimepangwa nyuma yangu hadi dari. Tulibakiwa na ujia tu wa kulala, mimi na watoto watatu. Usiku joto la bati likishuka, plastiki ilikuwa inajibana na kulia, tak, tak, tak. Mwanangu wa mwisho alizoea, mimi sikuzoea.

Mwaka 2021 wakaalikwa watu 200 tu. Nikanunua thina ya kuyeyushia rangi, nikaanza kufuta mwaka kwa kitambaa, kijerikeni kimoja kimoja. Wino ulikuwa hauondoki wote, ulibaki wingu la buluu. 2022 mahujaji waliporudi, vifuniko vingine vilikuwa vimekakamaa, ukikaza vinapasuka. Niliuza kama nusu, kwa bei ya kutupa.

Sasa nilipe, au nikae hadi 26 Aprili? Na nyinyi mnaotegemea mikusanyiko mikubwa, mnajikinga vipi?

---

MahemaNaViti (Mukono)

Dada, pole sana. Nakodisha mahema na viti tangu 2011, kwa hiyo naijua hiyo redio unayoisema. Sisi tulikaa hadi 24 Januari 2022 ndipo baa na matamasha ya muziki yakaruhusiwa kufunguliwa. Karibu miaka miwili, na panya wakatoboa turubai zangu nne.

Kosa lako la 2020 halikuwa kuagiza. Lilikuwa ule mwaka uliochapa. Kijerikeni cheupe kisicho na maandishi ni mali mwezi wowote: muuza maziwa anakitaka, muuza mafuta ya taa anakitaka, mwenye duka la mafuta ya kupima anakitaka. Ukishaandika tarehe juu yake umekifunga kwenye siku moja. Agiza visivyochapwa.

Pili, usiende kiwandani na mdomo mtupu. Nenda na karatasi. Tangu 2022 mteja wangu anatia saini kwamba serikali ikizuia mkusanyiko, pesa yake haipotei na hairudishwi papo hapo pia. Inahamia tarehe nyingine ndani ya miezi 12. Wengi wanakubali, kwa sababu nao walichomeka. Mwambie mwenye kiwanda hivyo hivyo: ikizuiwa, arubuni igeuke madumu ya kawaida.

Na usidhani kuna mtu anayejua. Septemba 2022 nilikodisha mahema kwa wauza chakula wa tamasha la muziki la Nyege Nyege kule Itanda, tarehe 15 hadi 18. Siku chache kabla tulisikia haifanyiki, kesho yake tukasikia inafanyika. Nilipakia lori, nikapakua, nikapakia tena. Ikafanyika. Tarehe 20, bado nimeanika turubai uani, ebola ikatangazwa Mubende.

---

Nesi_Mubende

Mama, shikamoo. Nilikuwa kazini Mubende mwaka 2022, kwa hiyo nikueleze hizo siku 42 zinavyokwenda, maana watu wanazisema kama kafyu na sivyo.

Mtu aliyeguswa na virusi vya ebola anaweza kukaa hadi siku 21 kabla ya kuugua. Ukizidisha mara mbili unapata 42. Hesabu inaanza siku baada ya mgonjwa wa mwisho kupona na kupimwa mara mbili bila virusi kuonekana. Safari hii waliothibitishwa ni 12, na wawili zaidi wanadhaniwa walikuwa nao. Wanne wamefariki, wa kwanza muuguzi mwenzetu wa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 2022 nchi nzima walithibitishwa 142, tukawazika 55 kati yao, mbali na waliokufa kabla hawajapimwa. Wilaya ya Mubende na ya Kassanda zilifungwa tarehe 15 Oktoba, zikafunguliwa 17 Desemba. Kwa hiyo safari hii moto umezimwa mapema, ingawa ebola hii ya Sudan bado haina chanjo iliyoidhinishwa. Ile ya majaribio walianza kuwachanja waliowagusa wagonjwa siku nne tu baada ya ugonjwa kutangazwa.

Sasa sikiliza hesabu inayokuhusu. Asipopatikana mgonjwa mpya, unafika 26 Aprili salama. Akipatikana, siku zote zinafutwa, na hesabu inangoja hadi huyo naye apone. Ili 42 zitimie kabla ya sikukuu, mgonjwa wa mwisho lazima awe amepona kufikia kama tarehe 21 Aprili. Ukisikia mgonjwa mpya baada ya katikati ya Aprili, hapo ndipo ushike mfuko wako.

Lakini hata hapo si lazima hija ifutwe. Korona ilikuwa inasambaa kwa pumzi, na mtu aliitoa kabla hajajijua kuwa mgonjwa. Ndiyo maana kanisa zima lilifungwa. Ebola haimtoki mtu ambaye bado hajaanza kuugua. Inapita kwa damu, matapishi, jasho la mgonjwa, na zaidi sana kwa maiti. Waliotuumiza Mubende hawakuwa watu wa sokoni, walikuwa watu wema waliomwosha marehemu wao kwa mikono mitupu. Kumbuka 2019: Congo ilikuwa inaungua kwa ebola, hija ikafanyika, na mgonjwa akathibitishwa Kasese tarehe 11 Juni, wiki moja baada ya sikukuu. Mahujaji hawakuugua.

Mpox ndiyo ninayoiwazia zaidi katika msongamano ule, kwa kuwa inapita ngozi kwa ngozi, na watu wanalala wamebanana kwenye mikeka. Kwenye kibanda chako weka ndoo ya bomba na sabuni, na shuka lako usimwazime mtu hata ukimwonea huruma. Nasema hivi kwa sababu najua utamwonea.

---

Hujaji wa Bungoma

Salamu kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Malaba. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha watembeaji, mwaka huu tumejiandikisha 64. Tunaanza safari kama tarehe 23 Mei: Malaba, Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Mukono.

Mama, nimesoma habari ya ule ujia mliokuwa mkilala nikaiweka simu chini kwanza. Sisi pia tulikuwa tukiuliza kila siku. Mei 2020 pale Malaba palikuwa pa madereva wa malori tu, foleni ya kilomita nyingi wakingoja majibu ya vipimo, na bado katika kikundi chetu kulikuwa na mzee aliyekuwa akipaka viatu vyake mafuta kila Jumamosi.

Ila hapa kwenye mwaka, ndugu wa mahema, sikubaliani nawe. Kwa hujaji mwaka ndio wenyewe. Nyumbani kwa mama yangu kuna rafu juu ya mlango, na juu yake vijerikeni vimepangwa: 2016, 2017, 2018, 2019. Halafu nafasi tupu, upana wa vijerikeni viwili, ambayo amekataa isijazwe. Kisha 2022, 2023, 2024. Akija mgeni anaisoma ile rafu kuanzia kushoto na anasimama pale penye pengo. Kijerikeni kitupu kisicho na mwaka mama angekitumia kuwekea mafuta ya taa.

Kwa nini usiagize vyeupe, kisha mwaka uwe stika? Stika haihitaji mwezi mzima kiwandani.

Na sisi tunaweza kukusaidia. Nitakutumia kwa simu nusu ya bei ya vijerikeni 64 wiki hii, ili upunguze mzigo wa arubuni. Kikundi kimekubali.

---

MamaVijerikeni (Kireka), 25 Machi

Asanteni. Nimesoma majibu haya na binti yangu mkubwa, yeye ndiye ananisaidia hesabu.

Jana nilikwenda kiwandani na karatasi kama alivyosema kaka wa mahema. Mwenyewe mwanzoni hakuitaka. Alisema mteja wa 2,000 ni mdogo mno kumwandikia karatasi, wenye karatasi ni wa 20,000. Nikamweleza kuhusu ule mzigo wa 2020. Akanyamaza, kisha akanionyesha kona ya ghala lake, kuna vifuniko vya chupa za harusi za mwaka ule ule, magunia mazima, majina ya maharusi yamechapwa. Hakujua ampelekee nani. Tukaketi.

Tumeafikiana hivi: vijerikeni 1,000 vyeupe sasa, arubuni laki sita na nusu, navichukua katikati ya Aprili. Vingine 1,000 amenishikia mashine hadi tarehe 28 Aprili, siku mbili baada ya hesabu kuisha. Nisipompigia siku hiyo kufikia saa sita mchana, mashine inakwenda kwenye madumu na hatudaiani. Ikiwa hija itafungwa, hiyo elfu moja ya kwanza nitaiuza kwa wauza maziwa wa Kireka na Bweyogerere. Nimeshawauliza watatu, wawili wamesema leta.

Stika nimepita Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, kuuliza. Kijana mmoja amesema nikimpelekea asubuhi, jioni nachukua, hata tarehe 20 Mei. Nilimwuliza mara tatu kama zinashika kwenye plastiki yenye umande. Akabandika moja kwenye chupa ya maji, akaitumbukiza kwenye ndoo, tukaingoja kama dakika kumi. Ilishika.

Nesi, marahaba mwanangu. Ndoo ya bomba ninayo tangu korona, nimeitoa chini ya kitanda nikaisugua. Hiyo habari ya shuka umenijua vizuri. Mwaka jana niliazima. Tarehe 21 Aprili nimeiandika ukutani kwa chaki.

Hujaji wa Bungoma, pesa za kikundi usizitume sasa. Naomba usinielewe vibaya. Sitaki tena kukaa na kitu cha watu nikingoja hotuba. Vijerikeni 64 nimevitenga kwenye daftari kwa jina la kikundi chenu, na nitakupigia tarehe 28 Aprili nikishaongea na kiwanda. Mkifika Kyaliwajjala shikeni mkono wa kulia, kibanda changu kina turubai ya kijani, maji ya kunywa yatakuwepo. Na mwambie mama stika ya kwenye cha kwake nitaibandika mwenyewe.