Naomba ushauri: mwanangu anataka kuwa dereva wa NASCAR, yale mashindano ya magari ya Marekani. Je, nitumie akiba ya kujengea nyumba?

MamaBaraka (Concord, Carolina Kaskazini)

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni Mtanzania, nimeishi Concord kwa miaka tisa, na ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwanangu wa kwanza ana umri wa miaka 13. Tangu tulipohamia karibu na uwanja wa mashindano wa Charlotte, ambapo siku za mbio madirisha yetu hutetemeka mpaka usiku, kijana huyu hana habari tena na mpira wa miguu. Nilimnunulia usukani wa kompyuta uliokwisha kutumika, na sasa kila jioni, akimaliza kazi za shule, hushindana kwenye simuleta, yaani mchezo wa kompyuta wa kuendesha magari, na watu wazima ambao hawajui kwamba wanapitwa na mtoto.

Mwezi uliopita timu moja ndogo ilitueleza kwamba nikilipia msimu mzima wa magari madogo ya Legends, wao watatoa gari, fundi na matairi. Fedha wanayotaka inakaribia akiba yote niliyoiweka ili nijenge kwetu Moshi. Baba yake anasema huo ni wehu. Mjomba wake anasema mtoto akililia wembe mpe, lakini mjomba huyo hajajitolea kuchangia hata senti moja ya huo wembe. Naomba mnieleze kwa ukweli njia ya kazi hii ikoje kwa mtoto ambaye wazazi wake si matajiri.

FundiGia (Mooresville)

Dada MamaBaraka, nakusalimu. Nimefanya kazi katika karakana za timu za huku kwa miaka kumi na moja, na nitakueleza jinsi mambo yalivyo. Mchezaji wa mpira akionekana ana kipaji, klabu humchukua na kumlisha; dereva wa NASCAR hulipia kiti chake, yaani nafasi yake katika timu, kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kumlipa yeye. Hizo Legends ndiyo ngazi ya chini: ni gari dogo lenye umbo la magari ya zamani na injini ya pikipiki, na likiwa jipya bei yake huzidi dola 10,000 kabla hujanunua tairi la akiba. Akitoka hapo ataingia Late Model, magari makubwa zaidi ya viwanja vifupi kama Hickory, kisha ARCA, mashindano ya kuandaa madereva, kisha mashindano ya pikapu, kisha daraja la pili, na mwisho ndipo lilipo Kombe lenyewe, daraja la juu kabisa, lenye mbio 36 za kuhesabiwa pointi kuanzia Februari hadi Novemba. Kiti cha msimu mzima katika timu nzuri ya pikapu hugharimu mamilioni ya dola, na mara nyingi anayezileta ni dereva mwenyewe kupitia kwa mdhamini au mzazi. Kwa hiyo, dada yangu, kabla hatujazungumzia msimu wa kwanza, niambie wa pili atalipa nani.

Najua kijana atakutajia William Byron, mtoto wa Charlotte, kwa sababu kila mtoto mwenye simuleta humtaja. Ni kweli kwamba Byron alianzia kwenye kompyuta, akashinda huko zaidi ya mbio mia moja, na akaingia katika Legends akiwa amechelewa ukimlinganisha na wenzake walioanza kuendesha wakiwa na miaka mitano. Mwaka 2016 alishinda mbio saba za pikapu, 2017 akawa bingwa wa daraja la pili, 2018 akaingia Kombe katika gari namba 24, na ameshinda Daytona 500, mbio maarufu kuliko zote za NASCAR, mara mbili mfululizo, 2024 na 2025. Kinachoachwa katika masimulizi hayo ni kwamba familia yake ilikuwa na uwezo wa kugharimia miaka ya mwanzo. Kinachoachwa pia ni jioni ile ya Novemba 2016 pale Phoenix, alipokuwa akiongoza, mizunguko michache ikiwa imebaki, injini ikafa, na nafasi ya kugombea ubingwa ikafa nayo. Nilikuwa nikitazama na mafundi wenzangu, na hakuna aliyesema neno, kwa maana kila mmoja alikuwa akiwawazia walioifunga injini ile.

Mkimbizi_wa_Naivasha

Mimi ni Mkenya wa Safari Rally, ambapo dereva hupambana na saa na mashimo, kwa hiyo nilichelewa kuupenda mchezo huu wa magari arobaini kuzunguka pamoja. Hata hivyo naomba nimpinge kidogo kaka FundiGia, kwa kuwa si kila bingwa alitoka kwenye pesa. Jimmie Johnson alizaliwa El Cajon, California. Baba yake alikuwa akiendesha mitambo na mama yake basi la shule. Alianza na pikipiki akiwa mtoto, kisha akaendesha magari ya nyikani, na alipofika daraja la pili alishinda mbio moja tu, pale Chicagoland mwaka 2001. Laiti watu wangeangalia idadi ya ushindi peke yake, wangemrudisha nyumbani. Dereva bingwa Jeff Gordon na mwajiri wake, Rick Hendrick mwenye timu, waliona kitu kingine wakampa gari la Kombe mwaka 2002, naye akaondoka na ubingwa mara saba, tano kati ya hizo zikiwa mfululizo kuanzia 2006, na ushindi wa mbio 83.

FundiGia

Sikukatai, kaka. Lakini Johnson alipofika kwa Gordon alikuwa amekwisha kuendesha kwa fedha za kampuni ya magari kwa miaka, maana alijua kuzungumza na wenye fedha. Hicho nacho ni kipaji, na hakifundishwi kwenye simuleta.

DadaNeema_RN

MamaBaraka, mimi ni muuguzi mwenzako, na nashangaa kwamba hakuna aliyetaja mwili wa mtoto. Mwaka 2000 NASCAR ilipoteza madereva watatu, mmoja wao Adam Petty, kijana wa miaka 19. Februari 2001 akafariki Dale Earnhardt mwenyewe, bingwa mara saba, katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500. Baada ya hapo kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kikawa cha lazima, na kuta za viwanja zikaanza kuwekewa vizuizi vinavyonyonya mshindo. Tangu siku ile hakuna dereva aliyefariki katika mbio za madaraja matatu ya kitaifa, yaani pikapu, daraja la pili na Kombe, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ubongo hauna kuta za kunyonya mshindo. Kurt Busch, bingwa wa 2004, aligonga ukuta Pocono mwezi Julai 2022 wakati wa kutafuta nafasi ya kuanzia, akatoka garini kwa miguu yake, na hakurudi tena kushindana. Kabla hujatia saini popote, soma bima yako ya afya na ya maisha uone kama inagharimia majeraha ya mbio za magari, na uiulize hiyo timu ni nani huamua kwamba mtoto aliyegonga kichwa asirudi garini. Wakisema ni fundi, ondoka.

MzeeKarisa (Danville, Virginia)

Marahaba, binti yangu. Ninakaa katika mji alikozaliwa Wendell Scott mwaka 1921, kwa hiyo niruhusu nimseme huyu ambaye hajasemwa. Scott aliendesha teksi, akawa fundi wa magari katika jeshi wakati wa Vita vya Pili, kisha akaingia katika mbio wakati ambapo mtu mweusi hakukaribishwa hata getini. Gari alilitengeneza mwenyewe akisaidiwa na wanawe. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, alishinda, lakini bendera ya ushindi alipewa Buck Baker aliyekuwa nyuma yake. Waamuzi walikuja kukiri baadaye kwamba walikosea hesabu, watazamaji wakiwa wameshakwenda zao. Mtu mweusi wa pili kushinda katika ngazi hiyo ya juu, yaani Kombe, alikuwa Bubba Wallace, pale Talladega, Oktoba 2021. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Sisemi haya nikutishe. Nasema kwa sababu mlango upo, tena uko hapo hapo Concord. Timu ya Rev Racing imeendesha kwa miaka mingi mpango wa NASCAR wa kukuza madereva, uliojulikana kwa jina la Drive for Diversity, ambamo dereva huchaguliwa kwa majaribio. Bubba alipitia humo, na Kyle Larson pia. Daniel Suárez alikuja kutoka Monterrey, Meksiko, akiwa hajui Kiingereza, na mwaka 2016 alitwaa ubingwa wa daraja la pili. Na kwa mtoto wako yupo Rajah Caruth, ambaye alianzia kwenye simuleta kama yeye, akaendelea na masomo katika chuo cha Winston-Salem State huku akiendesha, na Machi 2024 akashinda mbio za pikapu Las Vegas. Ningekuwa wewe, ningeugonga mlango huo kabla ya kuuza tofali hata moja la Moshi.

MamaBaraka

Nawashukuru sana wote. Nimeusoma tena mkataba kwa miwani safi. Upo mstari unaosema kwamba timu itapata sehemu ya mapato ya kijana katika mbio kwa miaka minane. Sikuuona mara ya kwanza. Je, hilo ni la kawaida?

FundiGia

Timu inayomlipia mtoto gharama ina haki ya kudai fungu la baadaye, na huo ni utaratibu unaoeleweka. Hao wanataka ulipe wewe na fungu wachukue wao. Usitie saini, na ukitaka kuendelea kuzungumza nao, mpeleke mwanasheria akazungumze. Isitoshe, huna sababu ya kukimbizwa: kijana hawezi kuendesha pikapu, hata katika viwanja vifupi, kabla ya miaka 16, na Kombe kabla ya 18. Jumamosi mlete hapa Mooresville. Tunafungua karakana yetu ndogo ya Late Model saa mbili asubuhi, naye ataosha vipuri, atashika spana na kujifunza kwa nini gari linakataa kona. Hatalipwa, na wewe hutalipa.

MamaBaraka

Baba yake amekubali Jumamosi kwa sharti kwamba asikose shule ya Jumatatu. Kijana ameuliza kama huko kwenye karakana kuna usukani. Nimemwambia upo, ila kwa sasa umefungiwa kabatini.

FundiGia

Mwambie aje na viatu vya kufunika vidole.