AFCON mpaka kwenye sufuria yangu ya mtori? Huyu bwana leo amenishinda!

Mama_Ngarenaro:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukaruka mvumilie.

Yule bwana wa jiji, wa kutuhamisha sisi wauzaji, mnamjua. Wa kizibao cha kijani na miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Huku soko la Kilombero, Arusha, hata mbwa wa sokoni wakimwona wanajipanga mstari. Leo asubuhi kaja na vijana wake, wimbo uleule: AFCON 2027, wageni wanakuja, mji upendeze. Mimi kimya, nakoroga mtori wangu. Akafunua sufuria. MWENYEWE. Akachukua upawa, akachota, akapuliza, akanywa. Akachota tena. Halafu akasema, "Chumvi imezidi, mama," akawageukia vijana: "Toa hii."

Jamani, alikunywa kwanza!

Sina ugomvi na AFCON. Siku CAF walipotupa uenyeji sisi na Wakenya na Waganda, Septemba 2023, nilipiga vigelegele mpaka jirani akadhani nimepata mchumba. Ule uwanja wa AFCON wa hapa Arusha, wa Olmoti, wa watu 30,000 nauombea kila siku. Ila Olmoti iko wapi na sufuria yangu iko wapi? Golikipa wa Senegali atapita Kilombero kuchagua nyanya? Kingo za barabara zimepigwa rangi mpaka mtoto akikaa kidogo anainuka na kaptula ya pundamilia, lakini mtaro wa nyuma yangu umeziba tangu enzi za Mjerumani na hawauoni. Wanauona mtori.

Na alikunywa mara mbili. Chumvi imezidi, unarudia ya nini?

Konda mmoja wa kifodi akamwambia, "Mzee, lipa basi." Akajibu huo ni ukaguzi wa afya. Kisha upawa akaurudisha ndani. Upawa aliotoka kuutia mdomoni! Afya ya nani?

Nawasilisha.

Chalii_wa_Sakina:
Picha ya sufuria tafadhali, la sivyo hii ni chai.

Konda_Mstaafu:
Tuanze na swali la msingi. Chumvi ilizidi au haikuzidi?

Mama_Ngarenaro:
HAIKUZIDI. Alikunywa mara mbili!!

Konda_Mstaafu:
Mkuu, mimi nimewahi kula hapo. Bwana kasema kweli, ila angekuvuta pembeni.

Mama_Ngarenaro:
Mkuu wa nani? Mimi ni mama yako. Na buku mbili yangu hujalipa.

Kijenge_Saluni:
Pole dada. Huyohuyo alinishushia bango. Eti mwanamke aliyechorwa hana furaha, wageni watadhani mji una msiba. Nikamuuliza nimchore meno? Akasema yasizidi.

Fundi_Unga_Ltd:
Afadhali nyie. Kibanda changu kimepigwa X nyekundu upande wa nyuma, unaotazama choo. Sasa barabara inapita chooni?

Mangi_Kiboriloni:
Karibuni Moshi. Uwanja wa AFCON hatujapewa na bado karatasi hatutupi chini.

Chalii_wa_Sakina:
Mtatupa nini wakati wenyewe wote mko huku na Dar? Mji unajaa Desemba tu.

Mangi_Kiboriloni:
Wivu. Wageni sisi tumewazoea, mbio za Kilimanjaro zinaleta mataifa kibao na hatujamwonjea mtu mtori kwa nguvu.

Dada_wa_Majengo:
Mangi, acha kutupamba. Mbio zinakuwa Jumapili, barabara zinafungwa, wa kanisani tupite wapi? Nilivuka na kitenge changu na Biblia mkononi, nikapewa maji na kupigiwa makofi. Mzungu mmoja akaniambia nikaze, karibu namaliza.

Fundi_Unga_Ltd:
😂😂 Medali ulipewa?

Dada_wa_Majengo:
Ndizi nilipewa.

Mzee_wa_Njiro:
Turudi kwenye mada, vijana. Pale Sheikh Amri Abeid tumeangalia mechi miaka mingi, na kabla ya kuingia ulikuwa unakula kwanza kwa akina mama wa nje. Mtu wa mpira ana njaa, hashibi bustani. Sasa mama wakiondolewa wote, hao mashabiki 30,000 watakula maua ya kwenye vyungu?

Chalii_wa_Sakina:
Mzee, hayo maua yenyewe mbuzi wa kwetu walishamaliza.

Muriet_Mpya:
Nyie mnalia na mtori, mimi mwenye nyumba kapandisha kodi kwa sababu "tupo jirani na uwanja". Toka kwangu hadi Olmoti ni bodaboda na kutembea juu. Nikamwambia uwanja siuoni. Kasema nipande kwenye tenki la maji.

Kijenge_Saluni:
Wa kwangu kanipa notisi, anataka chumba kiwe loji. Choo chenyewe cha shimo.

Dalali_Mwaminifu:
Wakuu, nina kiwanja Olmoti, 20 kwa 20, uwanja unauona ukiwa kitandani. Maongezi yapo.

Konda_Mstaafu:
Bei?

Dalali_Mwaminifu:
Njoo PM.

Muriet_Mpya:
Weka hapahapa tuone wote. Na useme kabisa kama vumbi limo kwenye bei.