Naomba ushauri: kwenda kesha Nakuru na mtoto wa miaka 3

MamaWaKondele
Shalom wapendwa. Naombeni ushauri, hasa kina mama mliowahi kusafiri na watoto wadogo. Ijumaa hii kanisa letu linapeleka basi Nakuru kwenye kesha. Tunatoka Kisumu mchana na kurudi Jumamosi asubuhi. Binti yangu mkubwa atabaki kwa dada yangu Manyatta, lakini huyu kijana wa miaka 3 lazima niende naye. Shida yangu ni baridi. Baridi ikimpata, miguu inamuuma mpaka analia usiku kucha. Alipokuwa mdogo zaidi vidole vilikuwa vinavimba pia, mikono na miguu. Nimvalishe nini? Na je, naweza kumpa Brufeni kabla hatujaondoka ili asisumbuliwe na maumivu? Mbarikiwe.

DerevaWaKericho
Dada, hiyo barabara ndiyo kazi yangu. Joto la Ahero utaliacha mkianza kupanda Kericho. Ukifika Londiani na Mau Summit, hata jua likiwaka utatafuta jaketi. Nakuru yenyewe iko juu, karibu mita 1,850, na usiku wa wazi pale ni baridi kweli. Kaa katikati ya basi, si nyuma na si kwenye kiti cha mlango. Na mwambie kiongozi wenu azungumze na dereva mapema kuhusu Salgaa. Usiku malori yanashuka pale kwa kasi, na nimeona pale mambo ambayo mpaka leo yananikosesha usingizi.

Mama_Mapacha
Soksi mbili, suruali mbili, kofia ya sufu, blanketi la kwake peke yake. Usitegemee leso. Wangu niliwapeleka Molo kwa nyanya yao wakiwa wadogo, mama mkwe akasema nimewafunika sana, akawavua kofia ili wageni waone nywele. Usiku huo wote wawili walikohoa mpaka kukakucha. Tangu siku hiyo nikienda ukweni sanduku la nguo za watoto nalibeba mwenyewe, na funguo ninayo.

Mzee_wa_Dunga
Sisi tulilelewa kwenye makesha. Tulilala chini ya benchi, mama wakiimba juu yetu, na tukakua. Wazazi wa siku hizi wana hofu nyingi. Mpeleke mtoto mbele za Bwana, atamtunza.

Sista_Ahero
Mama wa Kondele, pole na safari. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya watoto huku kwetu kwa muda mrefu. Mtoto ambaye vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba akiwa mchanga, na sasa baridi inamletea maumivu ya mifupa, hanipi nafasi ya kuzungumzia soksi kwanza. Amewahi kupimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell)?

MamaWaKondele
Asanteni nyote. Dereva, ubarikiwe, nitamwambia mama kiongozi. Mama Mapacha, kofia ninayo. Sista, mtoto anacheza vizuri tu na anakula. Swali langu lilikuwa nguo na Brufeni.

Sista_Ahero
Hujanijibu, mamangu. Amepimwa au hajapimwa?

Mama_Mapacha
Hata mimi nimeona umelipita hilo swali.

MamaWaKondele
Alipimwa. Kitabu cha kliniki kimeandikwa SS, yaani anayo selimundu. Lakini hiyo ni habari ya zamani. Wakati wa Pasaka aliwekewa mikono kanisani, na tangu hapo hajalazwa hata mara moja. Awali tulikuwa tunalazwa kila mara. Sisi tunaamini amepona.

Mzee_wa_Dunga
Amina. Ila swali: huo ugonjwa ulitoka upande gani? Kwa baba au kwa mama? Mambo ya damu mara nyingi yana chanzo, na chanzo kisiposhughulikiwa kinarudi.

Mwalimu_Mumias
Mzee wangu, kwa heshima, hapo usimwongezee mama huyu mzigo. Selimundu haitoki upande mmoja. Baba ana AS, yaani amebeba nusu tu ya urithi wa ugonjwa, mama ana AS, wote wazima kabisa, wanalima na kufanya kazi bila kujua. Kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuzaa mtoto wa SS. Si laana ya mtu. AS ni wengi huku kwetu, kuanzia ziwani mpaka Busia na Kakamega, kwa sababu mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imebaki katika damu za watu wa sehemu zenye mbu.

Nasema haya kwa sababu marehemu mtoto wa kaka yangu alikuwa SS. Ukoo ulimaliza mwaka mzima ukibishana nani alaumiwe. Mama yake alirudishwa kwao. Tulipoitwa kikao cha pili, mtoto alikuwa ameshazikwa.

Sista_Ahero
Pole sana, Mwalimu. Mama, sasa niulize la mwisho kisha nijibu maswali yako yote: dawa zake za kila siku anakunywa?

MamaWaKondele
Kuna siku anakunywa.

Sista_Ahero
Siku gani?

MamaWaKondele
Sawa, acha niseme yote kwa sababu naona hamtaniacha. Tulisimamisha baada ya Pasaka. Penisilini, foliki na Paludrine. Ijumaa kwenye kesha mimi ndiye ninayetoa ushuhuda. Ndiyo sababu siwezi kumwacha mtoto, lazima nisimame naye madhabahuni watu wamwone. Jina langu liko kwenye ratiba, nauli nimelipa, na kina mama wa maombi wamefunga kwa ajili yetu. Mmoja wao aliniambia kwa upendo kabisa kwamba siwezi kusimama mbele za watu nikasema Mungu ameponya huku kabatini kuna chupa za dawa. Nikaona ana ukweli. Baba watoto yuko Athi River kazini, anajua mtoto anaendelea vizuri, na kweli anaendelea vizuri. Miezi hii yote hakuna kulazwa. Hilo hamlioni?

Mama_Mapacha
Baba hajui dawa zimesimama?

MamaWaKondele
Atajua akirudi. Nilitaka ashangae.

Jicho_Kali
Samahani, mimi siamini hii hadithi. Tangu Shakahola mwaka 2023, pale wafuasi wa mhubiri walipofunga mpaka kufa, kila mtu anayetaka kulipaka kanisa matope anatunga kisa cha mama, mtoto mgonjwa na maombi. Angalieni: mwanzoni ni soksi, halafu SS, halafu ushuhuda, halafu mume hajui. Kila tukiuliza, sehemu mpya inaongezwa. Mimi ni mkristo, kanisani kwetu tuna kliniki ya wajawazito na hakuna aliyewahi kuambiwa aache dawa. Huyu anaandika tamthilia.

DerevaWaKericho
Nami nilianza kushuku pale kwenye ratiba. Lakini mtu wa kutunga angejibu haraka. Huyu amevutwa kama jino.

Mama_Mapacha
Hata kama ni hadithi, kuna mama mwingine anasoma hapa ambaye kwake si hadithi. Tuendelee kujibu.

Jicho_Kali
Basi aweke picha ya kitabu cha kliniki.

Sista_Ahero
Hapana. Mama, usiweke karatasi za mtoto wako hapa. Ina jina lake na la hospitali.

MamaWaKondele
Sijamchafua mtu na kanisa langu nalipenda. Mchungaji mwenyewe hajaniambia niache dawa, na sijasema ameniambia. Ukitaka kujua kama natunga, Jicho Kali, njoo nikuonyeshe namna ya kumpa Paludrine mtoto asiyetaka. Unakisaga kidonge kati ya vijiko viwili, unachanganya na uji wa wimbi uliopoa, vijiko vitatu tu, kwa sababu ukichanganya kikombe kizima ataonja uchungu na kumwaga chote, na wewe hutajua amemeza kiasi gani. Foliki ile ya manjano hana shida nayo, anaitafuna. Penisilini asubuhi na jioni, asubuhi kabla sijafungua kibanda, jioni nikirudi. Nimefanya hivyo tangu akiwa mchanga. Nilikuwa nimechoka, na mtu akaniambia naweza kupumzika.

Jicho_Kali
Nimesoma. Sina neno tena.

Mwalimu_Mumias
Hapo ndipo penyewe, dada. Umechoka. Hilo lingetosha kuwa ombi la kwanza.

Mama_wa_Madhabahu
Nimekuwa nikisoma kimya. Mume wangu ni mchungaji upande wa Kakamega, na mimi ndiye ninayepanga shuhuda kwenye makesha yetu, kwa hiyo nakuzungumzia kama dada aliye upande wako. Soma Luka 17:14. Wale kumi wenye ukoma walipomlilia Yesu, aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kutamka kwamba mtu ni safi. Hata Bwana hakuwaambia warudi nyumbani wakatangaze wenyewe. Kwetu hakuna anayepanda kutoa ushuhuda wa ugonjwa bila kupima tena. Hilo halimfedheheshi Mungu. Isaya alimtangazia Hezekia uponyaji, na papo hapo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hakuona aibu ya dawa. Piga simu kwa anayepanga ratiba, mwambie ushuhuda wako unasubiri kipimo. Akikasirika, mpe namba ya mume wangu, nitakutumia kwa ujumbe wa siri.

MamaWaKondele
Mama, nikirudisha dawa si ni kama kusema Mungu ameshindwa? Na hawa waliofunga niwaambie nini?

Mama_wa_Madhabahu
Waambie waendelee kufunga. Unamlea mtoto wa SS huku mume yuko mbali, unahitaji maombi mwaka mzima, si ya Ijumaa moja. Na mmoja wao aje asubuhi akusagie hivyo vidonge. Hayo nayo ni maombi.

Sista_Ahero
Sasa nijibu nilivyoahidi. Mtoto wa SS kukaa miezi bila kulazwa ni jambo la kushukuru, na linatokea, lakini haliondoi SS. Maumivu huja kwa vipindi. Chembe nyekundu za damu zinapinda umbo, zinaziba mishipa midogo, na vitu vinavyochochea ni baridi, kukosa maji, uchovu na homa. Kesha la Nakuru lina vitatu vya kwanza kwa usiku mmoja. Kwa hiyo jibu langu kuhusu nguo ni kwamba hakuna nguo itakayotosha. Mwache kwa dada yako na mkubwa wake.

Dawa: penisilini ni kwa sababu wengu wa mtoto wa SS haufanyi kazi yake, na vijidudu vya nimonia vinaweza kumwua kwa saa chache. Kwa kawaida anaendelea nayo angalau mpaka miaka 5. Paludrine ni kwa malaria, na wewe uko Kisumu, si Nyeri. Foliki inasaidia mwili kutengeneza damu mpya. Siku ukirudi kliniki uliza pia kuhusu haidroksiyurea, inapunguza vipindi vya maumivu kwa watoto wengi. Jifunze kumpapasa tumbo chini ya mbavu za kushoto. Ukikuta uvimbe mgumu ambao jana haukuwepo, au viganja vimekuwa vyeupe ghafla, hiyo ni safari ya hospitali, hata kama hana maumivu.

Brufeni ya kumpa kabla ya safari, hapana. Homa amekuwa nayo siku hizi?

MamaWaKondele
Jana usiku alikuwa moto kidogo. Nilimpanguza kwa maji na kumpa Brufeni, ikashuka. Leo mchana amelala sana. Nilidhani ni jua.

Sista_Ahero
Na sasa hivi?

MamaWaKondele
Ni moto tena. Sina themomita. Anasema mguu.

Sista_Ahero
Mama, acha kuandika, mwamshe, mpe maji anywe. Mtoto wa SS mwenye homa hasubiri asubuhi. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe, si duka la dawa. Ukifika mlangoni usikae kwenye foleni, sema kwa sauti: mtoto wa selimundu, ana homa. Wanatakiwa kumwona mara moja, apimwe malaria na damu, aanzishiwe dawa.

DerevaWaKericho
Kama uko Kondele na huna usafiri, andika. Nina ndugu mwenye probox pale stendi, hatakudai usiku huu.

Mama_Mapacha
Mfunike kifua na miguu kwenye boda. Na mpigie baba yake ukiwa njiani.

MamaWaKondele
Dada yangu amefika na jirani mwenye gari. Baba yake nimempigia, yuko kwenye simu na dada. Sista, nibebe kitabu tu, au na dawa zilizobaki?

Sista_Ahero
Vyote viwili. Na ukiulizwa alikunywa lini mara ya mwisho, sema Pasaka.