Tupeane uzoefu: kutafuta ajira kumekula shilingi ngapi mfukoni mwako?

Wakuu, habari za jioni.

Juzi napanga vitu vyangu nikakuta daftari lenye hesabu niliyoiandika 2022, mwaka wa pili tangu nimalize chuo. Nauli Bukoba–Dodoma kwenda na kurudi, gesti siku mbili, wakili wa kugonga mihuri kwenye nakala za vyeti, picha za pasipoti. Yote hayo kwa usaili wa mchujo tu, wala sijafika mahojiano. Mama aliuza mbuzi wawili. Mtihani ukaisha ndani ya saa moja, majina yakatoka, langu halimo. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza, "Haya, mbuzi wangu wamefaulu?"

Kila siku tunaambiwa vijana tunachagua kazi. Leo tuseme hili la mtaji wa kutafutia kazi. Wewe lilikukuta vipi? Wale wa "pambana tu kijana" naomba wapite pembeni.

Dada wa Steshenari
Mimi nina shahada ya biashara, nimemaliza 2021, sasa nina kompyuta mbili na printa karibu na stendi. Nafasi zikitangazwa Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, foleni naikuta mlangoni asubuhi. Kinachowaangusha wengi si CV, ni majina. Cheti cha kuzaliwa Saidi, cha kidato cha nne Said, kitambulisho cha taifa cha NIDA kaingizwa jina la babu. Hapo itafutwe hati ya kubadili jina, isajiliwe, na mwisho wa kutuma maombi ni keshokutwa!
Wengine wanakuja na karatasi ya matokeo ya muda, na tangazo limeandika wazi kwamba hati za matokeo hazitakubaliwa. Ukimuuliza cheti kiko wapi, anaangalia chini. Chuo kinakishikilia, anadaiwa ada. Kuna mmoja anadaiwa laki tatu na themanini, na ndiyo kwanza anatafuta kazi ya kuilipa. Huyo huwa namprintia bure, msiwaambie wengine.

Mwalimu wa Benchi
Kemia na baiolojia, nimehitimu 2016. Mwaka uliofuata nikaanza kujitolea shule ya kata. Wazazi wanaahidi elfu hamsini kwa mwezi, inatoka ishirini, tena mpaka uikumbushie. Zamani walimu tulikuwa tunaomba TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na kusubiri orodha, sasa tunafanya usaili Sekretarieti ya Ajira kama wenzetu. Mwaka jana niliingia chumba cha mtihani, nikakaa, mara nasikia nyuma yangu, "Shikamoo mwalimu." Binti niliyemfundisha kidato cha pili! Chumba kizima kiligeuka. Nilimjibu marahaba, nikamwazima na kalamu.

Mpita Njia
Mwalimu, ulipita?

Mwalimu wa Benchi
Niko kanzidata. Yaani umefaulu, ila nafasi zimejaa, subiri. Binti ameshapangiwa kituo.

Fundi Umeme
Mimi nilipigwa, 2023. Tangazo la WhatsApp, kazi bandarini, mshahara laki nane. Nikapigiwa simu kwamba usaili nimepita, na sikuwa nimefanya usaili wowote. Nitume 35,000 ya sare na vipimo vya afya. Nikatuma. Kesho yake wakataka 20,000 ya kitambulisho, nikatuma pia. Hiyo elfu ishirini ndiyo inaniuma mpaka leo. Ile ya kwanza nilidanganywa. Ya pili nilishajua, nikawa natamani tu iwe kweli.

Mzee wa Takwimu
Mnalilia nauli, angalieni na idadi. TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2025 walipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Gawanya mwenyewe, kiti kimoja watu karibu 85. Na 2014 Uhamiaji, wakati wengine hapa bado mko sekondari, maelfu walijaa Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70. Nilikuwepo jukwaani, jua la utosini, tai shingoni.

Muuza Chipsi Msomi
Usaili wa tatu sikwenda. Nauli nikanunulia karai na gunia la viazi. Tukaunda na kikundi tupate ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengewa vijana. Tumeshafungua akaunti, tumeshaandika katiba, serikali ikasimamisha mikopo, 2023. Iliporudi mwaka uliofuata katibu wetu ameolewa Songea, mhuri wa kikundi kaondoka nao. Chipsi zinaenda, namshukuru Mungu. Ila mteja akiniita "msomi" huwa sijui ananisifia au ananicheka.

Mpita Njia
Mleta uzi nawe tuambie, sasa hivi uko wapi?

Mleta uzi
Naendesha bajaji hapa hapa Bukoba, ya mtu, hesabu kila jioni. Wiki ijayo nina usaili, na safari hii kituo kimewekwa mkoani kwetu, naenda kwa miguu. Mama nimeshamwambia mbuzi hawaguswi.