Namna ya kupima uchongaji na rangi ya sanamu ya Black Panther ya kipimo cha 1/6

Swali

Salaam, ndugu zangu. Kuna mkusanyaji hapa Mombasa anayeuza sanamu ya Black Panther, shujaa wa filamu, iliyotengenezwa na kampuni ya Hot Toys kwa kipimo cha 1/6, yaani moja ya sita ya ukubwa wa mtu. Ni ile iliyotangazwa mwaka 2018 ikiwa na kichwa cha kofia pamoja na kichwa chenye sura ya mwigizaji wake, Chadwick Boseman. Amenitumia picha alizopiga kwa simu, sanamu ikiwa ndani ya kabati la kioo lenye taa nyeupe. Katika picha hizo uso ni wa kijivujivu, pua ni pana kuliko ninavyoikumbuka, na macho yanaonekana kana kwamba hayatazami mahali pamoja. Muuzaji anashikilia kwamba sanamu haina tatizo lolote, na ameniruhusu kwenda kuiona Jumamosi. Kwa kuwa bei yake si ya kubahatisha, naomba mnifafanulie namna ya kutambua iwapo kasoro iko katika uchongaji, katika rangi, au katika picha zenyewe.

Jibu la kwanza

Ndugu, pua hiyo usiihukumu bado. Sanamu ya kipimo cha 1/6 inapotazamwa kutoka sentimita 30 ni sawa na kumtazama mtu halisi aliyesimama umbali wa mita 1.8, na sura za waigizaji tumezizoea kutoka umbali wa namna hiyo au zaidi. Simu inaposogezwa hadi sentimita 8, ni kana kwamba umemkaribia mtu huyo hadi chini ya nusu mita: pua na midomo hukua, masikio hurudi nyuma, na uso wote hupoteza uwiano. Mwombe muuzaji arudi nyuma hadi mita moja, kamera ikiwa usawa wa macho ya sanamu, kisha aikuze picha badala ya kuisogelea. Nadhani nusu ya malalamiko ya watu kuhusu sura zisizofanana yangekwisha kwa hatua hiyo moja.

Utakapofika kwake, anza na umbo na uisahau rangi kwa muda. Weka mwanga utokee upande mmoja, ili vivuli vikuonyeshe mfupa wa shavu, kina cha jicho chini ya nyusi na mkunjo wa kope la juu. Kisha tazama uso kwa ubavu, maana uso wa mbele unaweza kusaidiwa sana na mpakaji rangi, ilhali mstari wa paji, pua, midomo na kidevu ni kazi ya mchongaji peke yake. Ulinganishe na picha za mwigizaji zilizopigwa kwa pembe ileile na kidevu kikiwa kimeinuliwa kiasi kilekile; ukilinganisha sanamu iliyoinamisha kichwa na picha ya mtu aliyekiinua, hutapata jibu lolote. Vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya ngozi, pia huwadanganya wengi. Kwa kipimo hiki vinyweleo halisi visingeonekana kabisa, kwa hiyo vinavyoonekana ni uamuzi wa mchongaji, na vikizidi kina ngozi huwa kama ganda la chungwa.

Kumbuka vilevile kwamba umbo hutoka katika kalibu, na nakala zote za toleo moja hutoka katika umbo hilohilo. Usipoupenda uchongaji wake, kutafuta nakala nyingine hakutakusaidia. Rangi ndiyo hutofautiana kati ya nakala na nakala.

Jibu la pili

Niongeze kuhusu rangi, ambayo kwa sura hii ndiyo kazi ngumu zaidi. Ngozi nyeusi haipatikani kwa kuongeza rangi nyeusi ndani ya kahawia. Mpakaji rangi akifanya hivyo, uso hufa na kuwa na kijivu kama hicho unachokieleza. Ngozi ya mtu mweusi ina wekundu pembezoni mwa mianzi ya pua, kwenye kope za chini na katika midomo, ina manjano yaliyokolea kwenye paji, na ina kahawia tofauti chini ya taya. Kazi nzuri hupatikana kwa tabaka nyembamba zinazopitisha mwanga, zinazopulizwa kwa brashi ya hewa juu ya plastiki ambayo yenyewe tayari ina rangi ya ngozi. Ndevu fupi za mhusika huyu huongeza ugumu, kwa sababu ndevu nyeusi juu ya ngozi nyeusi zisipotofautishwa kwa mng'ao na kwa rangi ya chini zitaonekana kama masizi.

Hata hivyo, taa za LED za makabati mara nyingi huwa na joto la rangi (kipimo cha weupe wa mwanga) la 6500K au zaidi, nazo huuvuta uso wowote kuelekea buluu. Omba sanamu itolewe barazani, kivulini, mchana. Uso ukibaki wa kijivu huko nje, tatizo ni rangi. Ukipata uhai, tatizo lilikuwa taa.

Kuhusu macho, duara la rangi la jicho la binadamu lina upana wa milimita 12 hivi, kwa hiyo katika kipimo hiki ni milimita 2. Kosa la milimita 0.2 tu, ambalo ni unene wa karatasi mbili, linatosha kumfanya shujaa aonekane na makengeza. Mtazame ana kwa ana, kisha zungusha kichwa chake polepole. Macho yote mawili yakielekea upande mmoja kwa pamoja, huo ni mtazamo uliokusudiwa. Jicho moja likibaki nyuma, hiyo ni kasoro, na picha nzuri haitaiondoa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Je, picha za tangazo zitumike kama kipimo? Na kwa kuwa sanamu imekwisha kutumika, nitazame nini zaidi?

Jibu la tatu

Picha za tangazo huonyesha sanamu ya mfano, iliyochongwa na kupakwa na mabingwa. Hot Toys huchapisha kwenye masanduku yake majina ya waliochonga na kupaka kichwa cha mfano, jambo ninaloliheshimu, lakini nakala uliyoshika ilipakwa rangi kiwandani. Picha hizo zitumie kujua nia ya msanii, si kudai usawa wa kila nukta.

Wenzangu wamezungumzia uso tu, ilhali sehemu kubwa ya mhusika huyu ni vazi. Ruth E. Carter, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2019 kwa ubunifu wa mavazi ya filamu ya Black Panther, alilijaza vazi pembetatu alizoziita za Okavango. Angalia kama pembetatu hizo zinafuata misuli na kama zinakutana vizuri kwenye mishono ya mabega na mapaja. Kwenye kofia, kagua kingo za mistari ya fedha kwa lenzi ya kukuzia. Mimi binafsi ningevumilia uso wa wastani kuliko mstari uliomwagikia nje, kwa sababu wengi humweka akiwa amevaa kofia.

Jibu la nne

Kwa sanamu iliyotumika, tazama ncha ya pua na paji: vidole vikisugua vanishi isiyong'aa, hubaki doa linalong'aa. Chunguza shingo, mahali panapochubuka vichwa vinapobadilishwa, na pia uone kama rangi nyeusi ya vazi imehamia kwenye ngozi. Gusa plastiki pia, kwa sababu joto na unyevu wa Pwani, hasa ndani ya sanduku lililofungwa muda mrefu, huweza kuifanya inate. Uliza pia kama uso umewahi kupakwa upya, kwani rangi nzito huziba vinyweleo.

Doa la mng'ao hurekebishika kwa vanishi mkononi mwa fundi mwangalifu, kwa hiyo hapo omba punguzo tu. Ngozi ikiwa imejaa madoa ya vazi, au jicho likiwa limepishana kweli barazani, usinunue kwa bei hiyo, maana kupaka jicho la milimita 2 upya ni kazi ambayo mafundi wachache wataikubali.