Tupeane uzoefu: sisi tuliotumikia jeshi bila kuitwa wapiganaji

Dereva Mstaafu, Lanet

Ndugu zangu, salaam. Jumamosi iliyopita nilikuwa Butere kumzika rafiki yangu aliyekuwa mpishi jeshini kwa miaka 22. Jeneza lilipokuwa tayari kuteremshwa, mfawidhi aliwaomba "wale waliopigana" wasogee mbele wampigie marehemu saluti ya mwisho. Walisogea wanne, wote watu wa bunduki. Sisi madereva, mafundi, makarani na mtabibu mmoja tulibaki vitini chini ya hema tukitazamana, ilhali tulikuwa tumeondoka Nakuru saa tisa usiku kwa ajili ya mwenzetu.

Nimeshindwa kulala tangu siku hiyo. Niliendesha lori Oktoba 2011, jeshi letu lilipovuka mpaka wa Liboi kuingia Somalia. Waliokuwepo wanaikumbuka mvua ya msimu ule na jinsi barabara ya kutoka Dhobley kuelekea Afmadow, hasa upande wa Tabda, ilivyogeuka kuwa tope jeusi lililomeza magurudumu hadi ekseli. Tulikata matawi ya miiba tukayatandika chini ya matairi, tukachimba kwa sepetu, lori likatoka, likasogea hatua 30, likazama tena. Dereva hana handaki. Kiti chake kiko juu, kioo kiko mbele ya uso wake, na macho yake hayapati nafasi ya kumtafuta adui vichakani kwa sababu yanatafuta mahali ambapo udongo umefukuliwa upya, dalili ya bomu lililofukiwa. Nilipofika na maji na chakula, kijana mmoja aliniambia kwamba sisi wa posho tunakuja kutalii.

Ninaomba mnisimulie yaliyowapata. Vilevile ninaomba ushauri: mwana wa marehemu anajengea kaburi, na anataka jiwe liandikwe "Mwanajeshi" tu, bila neno "mpishi", kwa kuwa anaona litamwaibisha baba yake. Nimwambie nini?

Fundi wa Magari, Gilgil

Ulivyosema ndivyo ilivyo, afande. Nami niliitwa "wa spana" mpaka siku niliyostaafu.

Askari wa Miguu, Njoro

Mtanisamehe wazee wangu, lakini mimi sitanyamaza. Ninawaheshimu wapishi na madereva, ila hatari haikugawanywa sawa, na kusema iligawanywa sawa ni kuwakosea waliokufa. Kuna mtu aliyeondoka kambini kwa miguu kila siku akijua kwamba kazi yake ni kumkaribia adui. Mwenzangu alipopigwa nilimbeba mgongoni, na damu yake ilikauka kwenye shati langu kabla hatujafika. Wale wanne waliosimama Butere walikuwa na haki ya kusimama peke yao, na sioni kwa nini saluti yao iwe kosa.

Mama Karani, Kisumu

Ndugu wa Njoro, hakuna aliyesema kusimama kwao kulikuwa kosa. Kosa ni kutuacha sisi tumekaa. Mimi sikuvuka mpaka hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kuorodhesha vitu vya waliofariki kabla havijapelekwa kwa familia: saa ya mkononi, simu, kadi ya benki, soksi, picha ya mtoto iliyokunjwa mara nne. Niliagizwa kuandika kila kitu kama kilivyo, na kuna picha niliyoikuta imeandikwa nyuma kwa mwandiko wa mtoto, nikalazimika kuyasoma maneno hayo ili niyanakili. Usiniambie kwamba vita havikunifikia mezani.

Askari wa Miguu, Njoro

Dada, kusikitika ni jambo moja na kupigwa risasi ni jambo jingine. Nimesema hivyo tu.

Mtu wa Redio, Section 58, Nakuru

Nimekuwa nikisoma tangu asubuhi bila kuandika, kwa kuwa jambo hili sijawahi kulieleza hata kwa mke wangu. Sitataja mahali wala mwaka.

Zamu yangu ilianza saa sita usiku. Chumba kilikuwa na feni moja, taa moja, redio mbili, na daftari ambamo kila sauti iliyoingia ilipaswa kuandikwa pamoja na saa yake. Alfajiri doria yetu iliviziwa. Aliyeshika redio upande wa pili alikuwa koplo niliyefunzwa naye ukuruti Eldoret, kwa hiyo niliitambua sauti yake kabla hajajitaja. Aliomba ndege. Nilipeleka ombi, na jibu lililorudi ni kwamba wasubiri kupambazuke. Mimi ndiye niliyemfikishia jibu hilo. Hakulalamika, aliniuliza tu zimebaki dakika ngapi. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika 20, nikamwambia 40. Baada ya muda akauliza tena, nikamwambia 25. Nyuma ya sauti yake nilisikia milio na mtu aliyekuwa akimwita mama yake, na mkono wangu uliendelea kuandika kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Penseli ikaisha ncha, nikaichonga kwa wembe huku kifaa cha kusikilizia nimekibana kwa bega ili nisipoteze neno.

Hakuuliza mara ya tatu. Kanuni ilikuwa kwamba niite kila baada ya dakika tano, nami niliita. Katika daftari niliandika "hakuna jibu" mara 11, mstari chini ya mstari, mpaka ofisa aliyenipokea zamu akaliondoa daftari mikononi mwangu. Kulikucha, msaada ukafika, na wengine waliletwa wakiwa hai. Yeye hakuwa miongoni mwao.

Nilikwenda kunywa chai. Chai ilipoa mbele yangu mpaka ikafanya utando. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka kwenye lindo alipita akaniambia kwamba ninyi wa feni mnapata usingizi mzuri. Hakujua lolote, wala simlaumu. Lakini hadi leo redio ya kinyozi ikikosa mawimbi na kuanza kukwaruza, mimi hutoka nje nikiwa nimenyolewa nusu. Kinachonitesa zaidi ni kwamba kwa miaka yote hii nimeamini sina haki ya kuumia, kwa kuwa hakuna risasi iliyopita karibu yangu.

Binti wa Sajenti, Kondele

Nimekusoma nikiwa ndani ya matatu, nikapitiliza kituo changu. Pole sana, baba.

Fundi wa Magari, Gilgil

Ndugu wa Section 58, acha kuwa peke yako usiku. Mimi nilipoanza kuota ndoto za aina hiyo nilinunua ng'ombe wawili, na anayekamua saa kumi alfajiri hana nafasi ya kuota.

Mtabibu wa Zamani, Mumias

Ng'ombe ni wazuri lakini hawatoshi. Tafuta mshauri nasaha, na umwambie tangu mwanzo kwamba ulikuwa mtu wa redio, asije akakuuliza uliua wangapi halafu akakuona huna tatizo. Akili ya mtu aliyesikia kifo cha rafiki yake kwa dakika 40 imejeruhiwa, hata kama mwili wake ulikuwa kitini.

Mzee wa Kanisa, Bungoma

Mimi ningesema aombe, na asilizungumze sana, kwa maana kidonda kinachoguswaguswa hakiponi.

Mama Karani, Kisumu

Mzee, kwa heshima zote, kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa ndicho kinachooza.

Mjukuu wa Mchukuzi, Yala

Mazungumzo haya yamenikumbusha baba wa babu yangu. Mwaka 1917, wakati Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Mkoa wa Nyanza hapa Kisumu, alipewa kazi ya kusimamia uandikishaji wa wachukuzi, na vijana wa huku wakachukuliwa kwa maelfu. Hawakupewa bunduki. Walibeba kichwani risasi na unga wa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na nimonia, mbali na milio ya bunduki. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Kwenye sanamu za ukumbusho za Kenyatta Avenue, Nairobi, mchukuzi amesimama pamoja na askari, na maandishi yake yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi. Nyumbani kwetu, hata hivyo, aliyekuwa Keya alisimuliwa kila jioni, na mchukuzi alitajwa kama mtu aliyepotea tu. Hatujui kaburi lake.

Mwalimu wa Historia, Kakamega

Ugomvi huu haupo Kenya pekee. Februari 2013, Leon Panetta, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alitangaza nishani mpya kwa watu kama warusha droni na wapiganaji wa mitandao, na ikawekwa juu ya Bronze Star, nishani ya waliotumikia vitani. Wanajeshi wa zamani walikasirika, na Aprili mwaka huohuo Chuck Hagel, aliyempokea Panetta, akaifuta. Mwaka 2016 walikubaliana juu ya herufi ndogo ya R ya kubandikwa kwenye nishani nyingine, kwa mtu aliyeathiri vita akiwa mbali.

Askari wa Miguu, Njoro

Waliokasirika walikuwa na haki. Nishani ya anayekwenda nyumbani jioni kula na watoto wake haiwezi kuwa juu ya ile ya aliyekuwa chini ya risasi.

Mwalimu wa Historia, Kakamega

Kuhusu cheo cha nishani nakubaliana nawe. Lakini kumbuka pia Manda, kaunti ya Lamu, tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walipovamia uwanja wa ndege wa kijeshi. Wamarekani watatu waliuawa: wawili walikuwa wafanyakazi wa mkataba, na mwanajeshi pekee miongoni mwao alikuwa mwongoza ndege. Huyo naye ungemwita mtu wa feni.

Askari wa Miguu, Njoro

Neno hilo sijalitumia mimi, mwalimu, na baada ya kumsoma ndugu wa Section 58 sitalitumia kamwe. Ninachokataa ni kusawazisha. Na kwa kuwa tunasemezana ukweli, niseme na hili: tulipokuwa kwenye lindo la usiku, kulikuwa na mpishi mmoja aliyekuwa akija handakini saa nane na chupa ya chai ya tangawizi, akitambaa kwa viwiko gizani, na chupa ameifunga kifuani kwa skafu. Hakuna aliyemwamuru. Tulimsikia kwa pumzi yake kabla hatujamwona. Dereva Mstaafu, huyo uliyemzika alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto?

Dereva Mstaafu, Lanet

Hapana, ndugu yangu. Wetu alikuwa mwembamba, na mikono yake ilikuwa safi kabisa.

Askari wa Miguu, Njoro

Basi walikuwa wawili.

Dereva Mstaafu, Lanet

Nimezungumza na mwana wa marehemu jioni hii. Fundi wa jiwe anaanza Jumatano na hutoza kwa kila herufi, kwa hiyo kijana ananiambia kwamba hata angetaka kuongeza neno, pesa zimeishia kwenye hema na viti. Bado anasitasita.

Mzee wa Kanisa, Bungoma

Mwacheni aandike "Mwanajeshi". Mbele za Mungu linatosha.

Mama Karani, Kisumu

Aandike "Mpishi" peke yake, na watakaouliza waelezwe.

Askari wa Miguu, Njoro

Aandike yote mawili: "Mwanajeshi", na chini yake "Mpishi wa kikosi". Nimehesabu, nyongeza ni herufi 14. Nitumie namba ya fundi faraghani, nimlipe kabla ya Jumatano.